Mchicha na Mvua za Masika

Masika ya mwaka jana tulipata fundisho bustanini kwetu hapa Pwani. Mwanzoni mwa Aprili tulisia mchicha matuta manne, na hesabu tulikwisha kuipiga: fedha yake ingenunua viatu vya shule vya watoto wawili. Wiki ya pili madoa ya njano yakaonekana juu ya majani. Tulipogeuza jani, chini yake palikuwa na vipele vyeupe kama punje za unga. Mnunuzi wetu wa sokoni alitazama fungu moja tu, akalirudisha kimya. Waliofaidi ni kuku.

Kwanza tuliilaumu mbegu. Lakini ile iliyobaki katika kopo lile lile tuliisia Juni, ikakua safi, isipokuwa jani moja moja.

Tofauti ni maji juu ya jani. Vimelea vya ugonjwa huu wa ukungu hubebwa na upepo na matone yanayoruka. Jani likikaa limelowa kwa saa kadhaa, huota na kupenya ndani. Mchicha ni mboga ya wiki tatu au nne. Ukisiwa Aprili, maisha yake yote hupita mvuani. Ukisiwa mvua zinapokatika, mwishoni mwa Mei au Juni, majani hukauka mapema asubuhi.

Mama wa Lushoto au Rombo asifuate tarehe zetu. Kule mvua zikikoma, baridi na ukungu wa asubuhi hubaki. (Kiswahili kimeupa ugonjwa na hali ya hewa jina moja, nasi tunaona hakikukosea!) Yeye na angoje Agosti iishe, kama ana maji ya kumwagilia.

Je, wakati wa masika watoto wale nini? Matembele na kisamvu, ambavyo hustahimili mvua. Ukilazimika kusia mchicha, usitawanye mbegu; sia kwa mistari iliyoachana sentimita 20 ili upepo upite, na mche wenye vipele ung'oe ukaufukie mbali. Siku zisizo na mvua, mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Dawa hatuipendi kwa mboga hii: siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa huweza kuzidi siku ulizobakiza kabla ya kuchuma.

Viatu vile tulivinunua Agosti, kwa fedha ya matuta mawili ya Juni. Mtoto mkubwa alikuwa ameongezeka namba moja.