Kanga Kwanza, Unga kwa Uangalifu

Katika mzigo wa mzazi wa Afrika Mashariki anayejifungulia ughaibuni, kitu kinachostahili nafasi ya kwanza ni kanga, yaani vipande viwili vya pamba vinavyouzwa pamoja kama doti, kwa kuwa kanga iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa hupoteza ule ugumu wa dukani, ikalainika na kunyonya maji vizuri, na hapo hutumika kumkausha mtoto, kumfunika anaponyonya na kumbeba mgongoni kama mbeleko, kazi ambazo taulo nene haliziwezi zote. Nepi na chupa hupatikana kila mahali, hivyo hazina sababu ya kujaza sanduku.

Unga wa lishe, ambao ni mchanganyiko wa nafaka kama ulezi na mahindi pamoja na soya au karanga, unadai uangalifu zaidi, kwa sababu mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota kuvu watoao sumukuvu, sumu ambayo kuchemsha uji hakuiondoi. Tena mtoto hahitaji uji kabla ya kutimiza miezi 6, kwa hiyo unga wa kubeba ni wa uji wa mzazi mwenyewe, na ni afadhali uwe wa ulezi mtupu, katika pakiti iliyofungwa na yenye lebo ambayo afisa wa forodha ataweza kuisoma.

Wanja, hata ukitolewa na bibi kwa mapenzi yote, ubaki nyumbani, kwani baadhi ya aina zake zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.