Taa nyekundu za kutengenezewa nyumbani: fundi asidharauliwe, lakini mwanga usidanganye

Saa moja ya jioni, kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 kati ya Butembo na Beni, vumbi la magari ya mizigo bado halijatulia. Mwanamotari aliyebeba abiria wawili anaona mwanga mweupe mbele yake. Anadhani ni pikipiki inayomjia, anasogea kando ili aipishe. Kumbe ni gari dogo linaloelekea kulekule anakokwenda yeye, tena limeanza kusimama. Kioo chake chekundu cha nyuma kilivunjika zamani na ampule imebaki wazi. Mwanamotari anapotambua hivyo, amebakiwa na metre chache tu.

Jambo kama hilo halimshangazi mtu anayesafiri usiku mashariki mwa Congo. Iwe Butembo, Bunia, Bukavu au Uvira, taa za nyuma ni za kwanza kuvunjika na za mwisho kutengenezwa. Gari lisilo na breki halitoki garaji. Gari lisilo na taa ya nyuma linatoka, linapakia na linafika. Mwenye gari hujitetea kwamba taa za mbele zinawaka, na hiyo inatosha. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Taa za mbele zinamsaidia shofere mwenyewe. Taa za nyuma zinamsaidia mtu mwingine, yule ambaye shofere hamjui na wala hamuoni.

Kwa hiyo vijana wanaokaa nyuma ya nyumba zao wakitengeneza vioo vya taa kwa mikono wanastahili kusikilizwa. Kuna wanaowacheka, na kuna wanaotaka kazi hiyo ikatazwe kabisa. Lakini swali la maana halihusu mahali kioo kilipotengenezewa, kiwe kilitoka kiwandani au jikoni. Swali ni kama mtu aliye nyuma anaona rangi nyekundu, anaiona mapema, na anajua gari linapofunga breki.

Kwa nini watu wanatengeneza wenyewe

Magari mengi yanayotembea katika miji ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi Asia au Ulaya. Mengine ni ya aina ambayo kiwanda kilikwisha kuacha kuitengeneza. Kioo kimoja kikivunjika, mara nyingi duka haliuzi kioo peke yake, linauza taa nzima. Na kama aina hiyo ya gari si ya kawaida mjini, piesi inaagizwa Kampala au Dubai, na gari linangoja. Shofere wa teksi anayelipa versement kila jioni hawezi kungoja wiki tatu kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Ndiyo maana kila mmoja anatafuta njia yake. Wa kwanza anabandika skochi nyekundu. Wa pili anakata beseni la plastiki jekundu na kulifunga kwa waya. Wa tatu anapaka ampule yenyewe rangi ya kucha aliyoichukua kwa mke wake. Wa nne, na huyu ni nadra, anakaa chini siku mbili au tatu, anatengeneza kalibu na kumimina kioo kipya kinachofanana na kile kilichovunjika.

Hao wanne hawawezi kuwekwa katika kapu moja. Rangi ya kucha inaungua, kwa sababu ampule ya taa ya breki ina nguvu ya wati 21 na inapata moto sana. Skochi inapauka kwa jua na kubanduka kwa mvua. Beseni lilitengenezwa ili libebe maji, halikutengenezwa ili lipitishe mwanga, na linameza sehemu kubwa ya mwanga huo. Yule wa nne peke yake ndiye anayefanya kazi ya ufundi kweli.

Kioo si rangi tu

Watu wengi wanadhani kioo cha taa ni kifuniko chekundu cha kuzuia mvua. Anayekigusa upande wa ndani atakuta mistari midogo, au vipande vidogo vingi kama punje za mahindi. Hivyo vinauchukua mwanga wa ampule, ambao peke yake ungeonekana kama nukta moja, na kuutawanya upande wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Bila mistari hiyo, aliye nyuma kabisa anaweza kuona mwanga mkali, lakini anayetokea pembeni kwenye njia panda haoni kitu.

Kuna jambo la pili. Katika magari mengi ampule moja ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida ya usiku, na mwingine wa wati 21 kwa breki. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayosema kwamba gari linasimama. Kioo kizito mno kinaua tofauti hiyo. Mtu wa nyuma anaona wekundu uleule, gari likiwa linatembea au likiwa limefunga breki.

La tatu ni kirudisha mwanga, ile sehemu inayong'aa yenyewe inapopigwa na taa za gari lingine. Gari likiharibika usiku katika milima ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, na betri ikafa, sehemu hiyo ndiyo pekee inayobaki kulitetea. Haihitaji umeme.

Mambo hayo yameandikwa pia katika sheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Congo iliuingia mwaka 1977 ilipokuwa bado inaitwa Zaire, unataka taa nyekundu za nyuma zionekane usiku kwa umbali wa metre 300 wakati hakuna ukungu. Unataka pia taa za breki ziwe na nguvu zaidi kuliko taa za kawaida za nyuma, kwa namna ya wazi. Mwaka uliofuata, Agosti 1978, nchi ilipata sheria yake mpya ya barabara. Sheria si kitu kinachokosekana.

Namna kazi nzuri inavyofanyika

Fundi anayejua anaanza kwa kuokota vipande vyote vya kioo kilichovunjika. Anaviunganisha kwa gundi, anajaza mapengo kwa nta, kisha anavisugua mpaka umbo lirudi. Halafu anamimina silikoni juu yake, upande wa nje kwanza, na ikishakauka anafanya upande wa ndani. Silikoni inanakili kila mstari, hata ule mwembamba kama unywele. Kioo cha zamani kikitolewa, nafasi inayobaki ndiyo kalibu. Ndani yake anamimina resini inayopitisha mwanga, iliyochanganywa na tone dogo la rangi nyekundu.

Neno kubwa hapo ni kupitisha mwanga. Rangi ya kupaka mlango haifai, hata ikiwa nyekundu namna gani, kwa sababu inafunika. Inayofaa ni rangi inayoyeyuka ndani ya resini kama chai inavyoyeyuka ndani ya maji. Fundi mwenye subira anamimina polepole ili mapovu yasibaki ndani, anaacha ikauke vizuri, kisha anasugua kwa msasa na maji, kuanzia msasa mnene mpaka ule laini kabisa, na kumaliza kwa kitambaa.

Asiye na silikoni hutumia bamba la pleksi. Analipasha moto kwenye tanuri, kiasi cha digri 150 hadi 170, likilegea analilaza juu ya umbo la plasta. Njia hiyo ni rahisi zaidi, lakini haitoi ile mistari ya ndani. Fundi mwerevu anausugua upande wa ndani kwa msasa ili mwanga usambae, na hapo amepunguza hasara.

Kuna mtego mmoja unaowakamata wengi wanaoanza. Kioo cha kushoto si sawa na cha kulia. Vinafanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na kalibu ya mmoja haiwezi kamwe kuzaa mwingine. Aliyevunjikiwa vioo vya pande zote mbili, na vipande vyake vikapotea, itabidi aazime kioo kwenye gari la aina ileile.

Pia kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Resini ya polyester ina mvuke unaoumiza kichwa na unaoweza kushika moto, na dawa ya kuikaushia inaweza kupofusha jicho. Kazi hiyo haifanyiki ndani ya chumba wanamolala watoto, wala karibu na mbabula yenye makaa. Kijana anayemimina resini bila miwani wala glavu anahatarisha macho yake ili mwingine aonekane barabarani. Hiyo si biashara ya haki.

Mapambo yanayoua

Wapo pia wasiovunjikiwa na kitu. Hao wananunua gari likiwa na vioo vizima, kisha wanavipaka rangi nyeusi ili gari lionekane la kijana. Wengine wanaweka taa za buluu nyuma, au zinazowaka na kuzimika kama za sherehe. Huyo hana utetezi wa umaskini. Ametumia feza ili aonekane zaidi mchana, na usiku hakuna anayemuona. Pikipiki inayokwenda kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 katika kila sekunde. Sekunde moja ambayo mwanamotari anajiuliza ile buluu ni ya gari gani ni metre 17 za kumkaribia.

Inashangaza kwamba kijana wa namna hiyo husifiwa mtaani, na yule mwenye teksi aliyeweka kioo cha kumimina kwa mkono huchekwa. Ingefaa iwe kinyume.

Wanaopinga wana hoja, lakini nusu

Wanaotaka vioo vya nyumbani vikatazwe wanasema kwamba hakuna aliyevipima. Ni kweli. Resini nyingine inageuka manjano kwa jua, na nyingine inapasuka kwa joto la ampule. Kirudisha mwanga kilichonakiliwa kwa mkono mara chache hufanya kazi kama cha kiwanda, kwa kuwa pembe zake ndogo zinataka usahihi mkubwa mno. Fundi mwaminifu anamwambia mteja hivyo, na anambandikia kirudisha mwanga cha dukani pembeni ya taa.

Lakini kukataza peke yake kutaleta nini? Mwenye gari hatakimbilia Dubai. Atarudi kwenye skochi, au ataacha ampule wazi na kutia kitu mfukoni kwa ajili ya kizuizi cha kwanza. Askari atapata, shofere atapita, na mwanga mweupe utaendelea kuwadanganya watu njiani. Faini isiyoleta taa nyekundu haijaokoa mtu.

Kilicho bora ni kupima mwanga wenyewe. Kipimo hakitaki mashine. Gari lisimamishwe jioni mahali palipo wazi, mtu aende nyuma hatua 300 au zaidi, atazame. Je, anaona nyekundu, si waridi wala kahawia? Shofere akikanyaga breki, je, tofauti inaonekana mara moja? Mtu huyo akisogea pembeni, je, bado anaona? Gari likijibu ndiyo mara tatu, hakuna sababu ya kumsumbua mwenye gari kwa kuwa kioo chake kilizaliwa uani. Likijibu hapana, lisitembee usiku, hata kama kioo ni kipya cha dukani. Maana vipo vioo vipya vya bei rahisi ambavyo havifiki hata hatua 100.

Shule za ufundi nazo zina nafasi yao. Mwanafunzi wa makanika anamaliza masomo akijua kufungua injini, lakini kioo cha taa ya nyuma hajawahi kukishika darasani. Somo la wiki mbili juu ya kalibu, resini na usalama wa macho lingewapa vijana kazi na barabara ikapata mwanga. Vyama vya mashofere na vya wanamotari vingeweza kuchanga kununua silikoni na kuweka kalibu za aina za magari zinazoonekana zaidi mjini. Kalibu moja ikitunzwa vizuri inatoa vioo vingi, na bei inashuka kwa kila mmoja.

Na wasisahauliwe wenye chukudu, wanaoshuka na magunia ya viazi na makaa giza likiwa limeingia. Wao hawana ampule wala betri. Kipande cha kirudisha mwanga kilichobaki kwenye taa iliyovunjika, kikikatwa vizuri na kupigiliwa nyuma ya ubao, kinatosha kumwambia shofere wa lori kwamba mbele yake kuna mtu. Kipande hicho leo kinatupwa jalalani.

Mwenye gari asingoje askari wala serkali. Leo jioni, kabla ya kuondoka, amwombe mtoto akanyage breki, yeye mwenyewe azunguke nyuma atazame. Anachokiona hapo ndicho atakachokiona mwanamotari wa kesho. Kama ni mwanga mweupe, kazi ya fundi ianze kabla ya safari.