Kilio Kilichoibwa

Wako wasomi, na baadhi yao ni rafiki zangu, washikao ya kuwa mtu akiisha kuiita kazi yake sanaa, hapana tena ruhusa ya kumwuliza habari za kweli. Nawapinga. Hoja yangu ni picha ya sinema iitwayo Bonnie and Clyde, aliyoiongoza Arthur Penn katika mwaka 1967. Nimeitazama mara tatu: mara mbili kwa furaha, na mara ya tatu kwa haya.

Habari yenyewe yajulikana. Clyde Barrow na Bonnie Parker walikuwa wanyang'anyi wa Texas katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi wa Marekani, wakauawa kwa kuviziwa na askari sita huko Louisiana tarehe 23 Mei, 1934. Warren Beatty na Faye Dunaway wawaigiza kwa uzuri usiokanika, na mpiga picha, Burnett Guffey, alistahili tuzo ya Oscar aliyopewa. Sina ugomvi na ustadi wao. Ustadi huo ndio unitiao hofu.

Tazama mwisho wake. Ndege waruka kutoka vichakani, wapenzi wawili waangaliana, kisha risasi zamiminika. Hapo kamera hupunguza mwendo. Miili yapinda na kuanguka polepole, nasi twapewa wasaa wa kuomboleza. Askari walioanguka kabla yao hawakupewa wasaa huo. Walianguka upesi, kwa mbali, bila majina, na punde banjo likalia kwa furaha motokaa ikitoroka. Katika sinema mwendo wa kamera ni hukumu, na hukumu hii imetolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa.

Shahidi mmoja ni huyu. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili, 1934, karibu na Grapevine, Texas, askari wawili wa pikipiki, Wheeler na Murphy, waliisogelea motokaa iliyosimama kando ya njia, wakauawa na genge hilo. Murphy alikuwa akingoja arusi yake mwezi uo huo. Mchumba wake alikwenda mazikoni amevaa vazi la arusi. Mtungaji gani wa tamthilia angeliokota jambo kama hili akalitupa? Watungaji wa picha hii walilitupa, maana lau lingaliwekwa, machozi yangalifuata jeneza jingine.

Tena kuna uongo wa benki. Twaonyeshwa mkulima aliyenyang'anywa nyumba na benki, na Clyde akimpa bastola aipige risasi. Twaonyeshwa pia Clyde akimwachia maskini fedha zake katikati ya unyang'anyi. Walakini genge la Barrow liliiba zaidi katika maduka madogo na vituo vya petroli, mali ya watu waliokuwa na dhiki kama ya yule mkulima. John Bucher, mwenye duka wa Hillsboro aliyeuawa mwaka 1932, hakuwa benki.

La ajabu ni kwamba dhuluma ya kweli ilikuwapo. Clyde alifungwa katika shamba la gereza la Eastham, lililojulikana kwa mapigo na kazi za kinyama, hata vidole vyake viwili vya mguu vikakatwa kwa hiari yake ili aepukane na kazi hizo. Picha yapita juu ya jambo hili kwa maneno machache ya mzaha. Yamkini gereza halina mvuto kama benki.

Katika majumba yetu ya sinema mhusika mkuu huitwa staringi, na adui yake jambazi. Hata mtoto ajua tofauti. Hapa vyeo vimebadilishana. Frank Hamer, aliyeongoza msako, aonyeshwa amekamatwa, amefungwa pingu, anabusiwa kwa kejeli na kupigwa picha. Jambo hilo halikutokea kamwe. Mjane wake alifungua mashtaka, na shauri likaisha kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 1971. Wanafunzi niliotazama nao walicheka sana hapo. Nami nilicheka, mara ya kwanza.

Nitajibiwa kwamba picha haifichi damu: mtumishi wa benki arukiaye motokaa apigwa risasi usoni, mbele ya macho yetu. Ni kweli, na hapo ndipo ninapoiheshimu. Baada ya mauaji hayo wanyang'anyi wajificha katika nyumba ya sinema. Mbele yao wasichana waimba habari za fedha. Clyde atetemeka na kumkaripia dereva wao. Bonnie awanyamazisha, awaambia wakitaka kuzungumza watoke nje, yeye anatazama. Maiti ya yule mzee haijapoa. Punde tu twamwona Bonnie akijitazama kiooni, akiuimba wimbo ule ule.