Kengele Ikilia, Taa Ikizimika: Hatari ya Neno Dogo

Aghalabu watumishi wa afya huogopa maneno marefu. Mwanafunzi wa udaktari akikutana na "hypoglycaemia" kwa mara ya kwanza hufungua kamusi, humwuliza mwalimu, kisha huliandika pembeni mwa daftari lake. Neno hilo, kwa ugumu wake, humlinda msomaji: halina maana ila moja, nayo ni sukari kushuka mno katika damu. Hatari iko kwingine. Imo katika maneno mafupi ambayo kila aliyesoma Kiingereza hudhani anayajua, na kwa sababu hiyo hamwulizi mtu.

Mfano ulio bora ni "go off". "Go" ni kwenda, hakuna asiyejua. "Off" imeandikwa kwenye swichi nyingi za mashine, nayo huashiria kuzima. Basi msomaji huunganisha mawili hayo na kupata maana ya kuzimika, wala hakosei akiambiwa kwamba taa za wodi "went off": taa zilizimika. Lakini akiambiwa kwamba kengele ya tahadhari "went off", maana yake ni kwamba kengele ililia. Usemi ni uleule, tukio ni kinyume chake. Na usemi huo waweza kutokea mara mbili katika sentensi moja: "If the power goes off, the alarm will go off." Kwa Kiswahili: umeme ukikatika, kengele italia. Anayeichukua maana ya kwanza na kuipeleka kwenye ya pili ataelewa kwamba umeme ukikatika, kengele nayo itanyamaza.

Maana haziishii hapo. Maziwa yaki-"go off" yameharibika, bunduki imefyatuka, bomu limelipuka, mtu ameondoka zake. Muuguzi Mswahili anayefanya kazi Uingereza atamsikia mgonjwa akisema "I've gone off my food", yaani hana tena hamu ya chakula. Mwingereza haoni tabu, kwa kuwa wazo la kuondoka limejificha ndani ya maana hizo zote: risasi huondoka kwenye bunduki, mwanga huondoka chumbani, hamu humwondoka mtu. Kiswahili hakikuziweka maana hizo katika kapu moja. Kila tukio kililipa kitenzi chake: kulia, kuzimika, kukatika, kuharibika, kufyatuka, kulipuka.

Hili si suala la walimu wa lugha pekee. Itazamwe mashine ya kuzalisha oksijeni, ambayo hutumika katika hospitali na hata katika baadhi ya nyumba. Mashine hiyo huvuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni takribani asilimia 21, huondoa naitrojeni, na kumpa mgonjwa hewa yenye oksijeni nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka kiwango hicho kisipungue asilimia 82. Kikishuka, au umeme ukikatika, kengele hulia ili mgonjwa ahamishiwe kwenye mtungi. Mtu aliyeelewa kwamba jambo la kuhofiwa ni kengele kuzimika atausikia mlio na kudhani kuwa mashine inafanya kazi vizuri. Atasubiri ukimya ndipo achukue hatua. Katika muda huo wa kusubiri, mgonjwa anakosa pumzi.

Yamkini itasemwa kwamba mtumishi wa afya amefundishwa kwa Kiingereza tangu sekondari, na kwamba muktadha humfafanulia. Hoja hiyo ina ukweli wake mchana, wenzake wanapokuwa karibu na kitabu cha maelekezo kiko mezani. Lakini mashine haichagui saa ya kuharibika. Muktadha humsaidia mwenye nafasi ya kuutafakari. Muuguzi aliye peke yake usiku katika wodi iliyojaa hana nafasi hiyo. Ndugu anayemtunza mgonjwa nyumbani hana hata huo msingi wa Kiingereza.

Wala Kiswahili hakina haki ya kujivuna. Mgonjwa "amepumzika" ni kauli ya kawaida wodini, na maana yake ni kwamba amelala au ametulia. Kauli hiyohiyo, ikipelekwa kwa simu kwa jamaa walio mbali, ni njia ya staha ya kusema kwamba amefariki. Kila lugha ina maneno ya namna hii. Kwa hiyo kipimo cha neno si asili yake, bali ni kama msikilizaji aweza kulielewa kinyume.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Anayeandika mwongozo kwa Kiingereza, hali akijua kuwa wasomaji wake hawakuzaliwa katika lugha hiyo, achague kitenzi chenye maana moja: kengele "sounds", umeme "fails", dawa "spoils". Anayetafsiri asiulize "go off" ni nini kwa Kiswahili. Aulize ni nini kimetokea, kisha alitaje tukio lenyewe. Kila mashine yenye kengele ibandikwe karatasi ya Kiswahili mahali panapoonekana: "Kengele ikilia, mtazame mgonjwa kwanza. Kisha mhamishie kwenye mtungi. Kisha ita msaada." Na kabla ndugu hajaruhusiwa kuondoka na mashine kwenda nyumbani, asiulizwe kama ameelewa, kwa maana wengi huitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini kengele ikilia, na atafanya nini umeme ukikatika.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kumwuliza daktari au muuguzi, "Hapo una maana gani?" si utovu wa adabu. Ni sehemu ya matibabu, sawa na kupimwa joto. Na mtumishi wa afya anayeulizwa hivyo ajibu bila kukunja uso, kwani huenda swali hilo ndilo lililomzuia mtu kuingoja kengele inyamaze.