Barakoa ya CPAP inavuja, nasi tunaiziba kwa leso

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mazungumzo ya bima ya afya hapa Pwani yamekuwa ya mambo makubwa: kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, matibabu ya saratani, akina mama kujifungua. Ni haki yazungumzwe. Lakini kuna kifaa kidogo cha silikoni na mikanda ambacho sijakisikia kikitajwa barazani, ilhali ndicho kinachoamua kama mtu mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini atalala salama, au mashine yake itaishia juu ya kabati ikila vumbi. Nazungumzia barakoa ya mashine ya CPAP.

Kwa asiyeyajua maradhi haya, ni hivi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea mpaka njia ya hewa ikaziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo humshtua avute hewa, na mara nyingi mwenyewe hajui. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 kwa saa, huo huanza kuhesabiwa ugonjwa; zikifika mara 30, ni hali kali. Anayeumia kwanza ni mke au mume aliye kando, anayesikia mkoromo, kisha kimya, kisha mshtuko. Mchana mgonjwa husinzia, kichwa kinamuuma, na mara nyingi ana presha ya damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana maradhi haya. Kwetu sisi tunaoishi kwenye mdomo wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, jambo hili si la mzaha. Dereva wa trela anayekorogeka usingizini usiku kucha ndiye huyo anayekutana na matatu yako Mariakani asubuhi.

Dawa inayotumika zaidi ni hiyo mashine. Husukuma hewa kupitia mrija hadi kwenye barakoa iliyovaliwa puani, au puani na mdomoni, na msukumo wa hewa huliweka koo wazi. Kiwango cha msukumo hupangwa kwa ajili ya mgonjwa, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Sasa fikiria mpira wa baiskeli wenye tundu: pampu iwe ya dhahabu, hewa haitakaa. Barakoa ikivuja, msukumo hupungua, macho hukauka kwa upepo, mashine hupiga kelele, na mgonjwa huivua saa nane za usiku.

Mimi ni mtumiaji wa mashine hii. Kama ilivyo kwa wengi ninaowafahamu, yangu ililetwa na jamaa kutoka Ghuba, ikiwa na barakoa moja ya saizi moja. Nilipohitaji nyingine, muuzaji alinipa boksi na risiti, basi. Hakuna aliyenipima uso, wala aliyeniuliza kama nalala chali au ubavu, wala kama ndevu zangu zitaizuia barakoa kukaa. Kuanzia hapo mtu huachiwa akili yake, na akili ya Mswahili haikosi leso, uzi na sindano.

Wala ubunifu huo si aibu. Profesa Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyeianzisha tiba hii na kuichapisha mwaka 1981, hakuwa na duka la barakoa. Alichukua umbo la pua ya kila mgonjwa kwa plasta, akamtengenezea barakoa yake, na mgonjwa akawa anaigandisha usoni kila usiku kwa gundi ya silikoni. Yaani barakoa za mwanzo zilikatwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama kanzu kwa fundi. Viwanda vilipoingia, kipimo cha mtu kikageuka saizi tatu au nne, na anayezikosa hizo anajijua mwenyewe.

Hivyo basi tutenganishe marekebisho yanayosaidia na yanayoua. Yanayosaidia ni mepesi. Kipande cha pamba laini, kama fulana kuukuu, kilichokatwa kwa umbo la ukingo wa barakoa na kuwekwa kati ya silikoni na ngozi, hupunguza jasho na michubuko na kwa wengine huziba uvujaji mdogo; kifuliwe kila siku. Mikanda inayokata mashavu inaweza kuvishwa kitambaa kilichoshonwa kama soksi. Mrija ukining'inizwa juu ya kichwa cha kitanda kwa utepe, hauivuti barakoa unapogeuka. Akina mama wanaosuka nywele wajue kwamba kila msuko hubadilisha ukubwa wa kichwa, na mikanda ipimwe upya. Mwenye ndevu nyingi aulize barakoa ile ndogo ya vijipira vinavyokaa kwenye matundu ya pua, kwa kuwa haitegemei mashavu.

Kuna na mawili yasiyohitaji hata sindano. La kwanza, uso uoshwe kabla ya kulala. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi, lakini hufanya silikoni iteleze, na mafuta kwa jumla huichakaza. La pili, barakoa ipimwe ukiwa umelala na mashine inavuma, si ukiwa umeketi mbele ya kioo. Na ikivuja usikimbilie kukaza mikanda. Nyingi zina utando mwembamba unaojaa hewa ndio uzibe. Ukikaza kupita kiasi unaukunja, na uvujaji unazidi. Mashine nyingi za kisasa huonyesha asubuhi kiasi cha hewa kilichovuja. Linganisha usiku wa kabla na wa baada ya marekebisho yako, ndipo ujue umejenga au umebomoa.

Sasa yanayoua. Kila barakoa ya CPAP ina vitundu vidogo ambavyo hupitisha nje hewa chafu unayoitoa. Si kasoro ya kiwanda. Anayevifunika kwa leso au kuviziba kwa gundi, akidhani ndivyo vinavyovuja, anajirudishia pumzi yake mwenyewe. Barakoa zinazofunika pua na mdomo pia zina kilimi cha usalama, ambacho hufunguka mashine ikizima ili mtu avute hewa ya chumbani. Hapa kwetu umeme hupotea bila hodi, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilizama gizani kwa saa nyingi. Aliyekifunika kilimi kile kwa kitambaa ameliondoa dirisha lake la pekee umeme ukizima. Usitie gundi ya kubandikia viatu, usitie silikoni ya mafundi wa madirisha, na usiukate ule ukingo kwa makasi.

Yako pia mambo ambayo hata fundi hodari hayaoni kwa macho. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine duniani, kwa sababu sponji ya ndani iliyowekwa kupunguza kelele ilikuwa ikimeng'enyuka, na chembe zake kuweza kuingia katika njia ya hewa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kuwa joto kali na unyevu vinaweza kuchangia uharibifu huo. Msomaji wa Lamu au Malindi hahitaji kuelezwa joto na unyevu ni nini. Septemba 2022 likaja onyo jingine: barakoa zenye vishikizo vya sumaku zinaweza kumdhuru mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma fulani mwilini, na hata anayelala karibu naye. Ajabu ni kwamba habari hizi humfikia mnunuzi aliyesajiliwa. Aliyeletewa mashine ndani ya begi la jamaa, nani atampigia simu?

Hapo ndipo ninapoona tatizo si la nyumbani tena, ni la sera. Marekani, bima ya wazee ya Medicare hukubali barakoa mpya kila miezi 3 na mikanda kila miezi 6, kwa sababu wanajua silikoni huchakaa kama tairi. Uingereza, huduma ya taifa ya afya humkopesha mgonjwa mashine bila malipo. Sisemi Kenya iwaige wote hao kesho. Nasema fikra yao ni sahihi: barakoa ni sehemu ya dawa, na kumpa mtu mashine bila kumpima barakoa ni sawa na kumpa miwani bila kumpima macho.

Wako watakaosema fedha hazitoshi, wa figo wahudumiwe kwanza. Nawaelewa, na sidai mgonjwa wa figo anyang'anywe kitu. Lakini mashine inayogharimu makumi ya maelfu ya shilingi, ikiachwa kwa sababu ya ukingo wa silikoni, hiyo si kubana matumizi. Tiba hii ikitumika sawasawa huondoa usingizi wa mchana na huteremsha presha kidogo. Isipotumika, haina faida hata chembe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu wetu ni ufa wa kweli, unavuma usiku kucha.

Mambo matatu yanawezekana. SHA iandike waziwazi katika orodha ya huduma zake kwamba barakoa na sehemu zake zinazochakaa ni mahitaji ya matibabu. Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo vifaa vya tiba viko chini yake, imtake kila muuzaji ampime mteja, amwandikie namba ya kifaa, na ampe maelezo kwa Kiswahili, hasa kuhusu vitundu, kilimi na sumaku. Na kwa kuwa afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, kaunti zetu sita za Pwani zishirikiane kuwa na siku moja kwa wiki katika hospitali ya rufaa ya Coast General, ambapo mtu atakwenda na mashine yake, ajaribishiwe saizi tofauti akiwa amelala, na namba ya mashine ichunguzwe kama ni miongoni mwa zilizorudishwa. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji kitanda kimoja, barakoa za mfano na muuguzi mmoja aliyefunzwa.

Hata mafundi cherehani wetu wana nafasi hapo. Muuguzi akiwaonyesha pa kufunika na pasipofunikwa, vitambaa vya pamba vya barakoa vitashonwa hapa hapa mjini kwa bei ya mwananchi.

Kaunti zitakapowaita wananchi kutoa maoni ya bajeti, wenye mashine hizi, na wake na waume wanaolala kando yao, wafike walitaje jambo hili kwa jina. Na usiku wa leo, kabla hujalala, iangalie barakoa yako kwenye mwanga. Tafuta vitundu vyake na kilimi chake. Kama kuna uzi, gundi au kitambaa juu yake, kiondoe.