Ukungu Nyuma ya Sura Haununuliwi Dukani

Wapigapicha wengi chipukizi wanaamini, na wauzaji wa vifaa hawachoki kuwathibitishia, kwamba kamera ndogo ya mfukoni haiwezi kutoa picha ya sura yenye kina kifupi cha fokasi, yaani picha ambayo uso umekolea huku mandhari ya nyuma ikifunikwa na ukungu. Sababu inayotolewa ni udogo wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini madhara yake ni makubwa, kwani imewafanya vijana wenye vipaji watupe kabatini kamera zinazofaa na kukopa fedha za kununulia vifaa ambavyo havitaondoa tatizo lao.

Kihisi chenyewe hakifanyi ukungu. Unaofanya ukungu ni upana halisi wa tundu la lenzi, ambao hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f, na kihisi kidogo huingia katika hesabu hiyo kwa sababu tu kinahitaji lenzi fupi, ambayo kwa kawaida tundu lake ni dogo. Sony RX100, kamera ya mfukoni iliyotoka mwaka 2012, ina lenzi ya milimita 10.4 hadi 37.1, yenye f/1.8 upande wa picha pana na f/4.9 lenzi inapovutwa hadi mwisho. Anayeongozwa na ile 1.8 huiacha lenzi bila kuivuta, akamsogelea mpigwapicha mpaka pua ikaonekana kubwa kuliko ilivyo, ilhali tundu lake hapo lina upana wa milimita 5.8 tu, na lenzi ikivutwa kabisa upana huo hufika 7.6. Mandhari ya nyuma ikiwa mbali sana, basi, f/4.9 huleta ukungu mwingi kuliko f/1.8, na umbo la uso husalimika.

Hata hivyo, kinachosahaulika zaidi ni umbali. Upana wa duara la ukungu, ukipimwa kwa kipimo cha uso uliolengwa, ni sawa na upana wa tundu ukizidishwa kwa umbali kati ya mtu na kilicho nyuma yake, kisha ukagawanywa kwa umbali wote kutoka kamera hadi kilicho nyuma. Ichukuliwe kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 50 na f/1.8, ambayo tundu lake lina milimita 28 hivi, na mtu awekwe mita 1.5 kutoka kwenye kamera huku ukuta ukiwa nusu mita nyuma yake: duara litakuwa na milimita 7 hivi. RX100 iliyovutwa hadi mwisho, mtu akiwa palepale lakini kilicho nyuma kikiwa mita 15 kutoka kwenye kamera, hutoa milimita 6.8, tofauti ambayo jicho haliwezi kuitambua. Kamera hiyo ndogo ikipelekwa kwenye ule ukuta, duara hushuka hadi milimita 1.9, na hapo mwenye nayo hulaumu kihisi wakati wa kulaumiwa ni ukuta.

Ni kweli kwamba katika chumba kidogo lenzi yenye tundu kubwa haina mpinzani, na kamera za bei nafuu zenye vihisi vya milimita 6 kwa 4.5 hivi huwa na tundu dogo zaidi ya la RX100. Lakini hata hizo hazihitaji kuokolewa na programu za simu zinazobuni ukungu kwa kukisia mipaka ya mwili, ambazo mara nyingi hukata nywele na pindo za mtandio. Zinahitaji lenzi ivutwe, fremu ijazwe kichwa na mabega, na mtu atolewe ukutani, akae ukingoni mwa baraza ambapo urefu wote wa mtaa uko nyuma yake.