Dalali wa Mwigobero na Mafao ya Mwalimu

Mwishoni mwa mwaka jana nilifuatana na shangazi yangu kwenda Mwigobero, Musoma mjini, kuangalia nyumba. Shangazi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amefundisha kwa miaka 34, karibu yote akiishi katika nyumba za shule au za kupanga, na mkupuo wake wa mafao ulikuwa benki ukimtia hofu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake amshike. Alitaka nyumba iliyokwisha kusimama, aikarabati kidogo na kuhamia. Umri wa kusimamia mafundi, alisema, umempita.

Alituongoza dalali, kijana mwenye simu mbili na ufunguo wa kila geti. Kabla hatujatoka kituoni alikuwa amekwisha pokea shilingi 20,000 za kuonyesha nyumba, fedha ambayo hairudi, upende nyumba au usipende. Bei ya nyumba ilikuwa milioni 38. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati lililoanza kushika kutu, na kutoka barazani ziwa lilionekana kati ya paa mbili za majirani.

Dalali akaanza kuipamba. Dari litolewe, liwekwe la jipsamu. Sebuleni marumaru. Madirisha ya mbao yang'olewe, yaje ya aluminiamu. Nje rangi nyeupe. "Mama, ukimaliza hayo, hata mimi niliyekuuzia nitakuja kukuomba uniuzie." Nami, ninayelipwa na umma kufikiri, nilikuwa nimeinua uso kutazama dari na kupiga hesabu ya mbao za jipsamu. Shangazi hakutazama juu. Aliinama, akaweka kiganja ukutani, kama futi moja kutoka sakafuni, akasema: "Ukuta huu unakunywa maji."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule dalali, maana hakubisha. Alisema nyumba nyingi za zamani kandokando ya ziwa hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, hivyo unyevu hupanda ukutani na kubandua lipu, na kila mnunuzi hupaka rangi mpya ambayo haimalizi mwaka. Akamshauri shangazi abandue lipu yote ya chini hadi usawa wa kiuno, achimbe mfereji wa kuzungusha nyumba, aweke mabomba ya kukinga maji ya paa, aache ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo apige lipu upya. Rangi iwe ya mwisho. Kuhusu choo alisema shimo lisichimbwe kwenda chini sana, kwa kuwa ukikaribia ziwa maji hayako mbali, na shimo lenye maji hujaa upesi na kuchafua visima vya jirani. Akaongeza kwamba nyumba isinunuliwe kabla ya kuonekana mvua ikinyesha. Nimesikia mihadhara juu ya makazi iliyokuwa na faida ndogo kuliko dakika 20 zile.

Nilimuuliza kuhusu ziwa lenyewe. Akacheka, akasema maji hayajawahi kufika pale. Alikuwa mkweli kwa kipimo cha umri wake. Mvua za miaka ya mwanzo ya 1960 zilipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na mwezi Mei 2020 ziwa lilirudi na kuivuka ile alama ya 1964. Wazee wa miji ya pembezoni mwa ziwa hawakushangaa. Walioshangaa ni waliojenga katikati ya vipindi hivyo viwili, wakidhani ufukwe ni mpaka uliochorwa kwa wino. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, ingawa haimwambii mwalimu mstaafu apime kutoka ukingo wa mwaka gani.

Kisha nikauliza swali dogo: mwenye nyumba ni nani?

Muuzaji alikuwa mmoja wa watoto wa marehemu aliyeijenga. Nikaomba kuona barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Dalali, ambaye alikuwa ameeleza habari za nailoni na mashimo ya choo kama mhandisi, akawa mfupi wa maneno. "Hilo ni la kifamilia, mkuu. Limeshazungumzwa." Akatoa mkataba wa mauziano, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, wenye nafasi za kujaza majina na mhuri wa serikali ya mtaa uliokwisha kugongwa hata kabla ya jina la mnunuzi kuandikwa. Ndipo shangazi aliponivuta pembeni na kunieleza kwamba jana yake, kwa kuwa waliambiwa kuna mteja mwingine kutoka Mwanza, alikwisha kutoa milioni 2 za kishika uchumba.

Nieleze lililo wazi kwa wanasheria, kwa sababu haliko wazi kwa walimu. Mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho. Mtoto wa marehemu, hata awe kifungua mimba, hata awe ndiye aliyemuuguza baba, hana mamlaka ya kuuza nyumba ya urithi mpaka mahakama imteue msimamizi, na hata msimamizi hushika mali kwa niaba ya warithi wote. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, na nyumba ndiyo makazi ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi. Mhuri wa mtaa unashuhudia tu kwamba watu fulani wamekutana na kuandikiana. Hauhamishi umiliki. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa 3 mhuri ule una nguvu gani, na zaidi ya nusu ya darasa waliamini kwamba ndio hati yenyewe.

Ilichukua simu tatu kugundua kwamba muuzaji ana dada wawili, mmoja Tarime na mwingine Mwanza, na hakuna aliyekuwa na habari ya mauzo. Pengine huyo wa Mwanza ndiye aliyekuwa "mteja mwingine". Samahani kwa utani, shangazi hakucheka.

Msomaji anaweza kutarajia sasa nimtukane dalali. Sitafanya hivyo. Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, na kiini chake ni mwenye kuonyesha njia. Kijana yule alituonyesha njia kwa uaminifu hadi pale ambapo uaminifu ungemgharimu. Ujira wake ni asilimia 10. Kwa nyumba ile ni milioni 3 na laki 8, zinazolipwa siku ya kusaini. Swali la mirathi, likiulizwa mapema, linamwachia shilingi 20,000 za kuonyesha nyumba na nauli ya bodaboda. Ushauri wa ukuta ulikuwa wa bure kwake, kwa sababu ukuta mbovu hushusha bei tu, hauvunji biashara. Urithi usio na msimamizi huivunja. Nani kati yetu wenye mishahara ana hakika kwamba angelipa milioni 3 na laki 8 ili kumwambia mgeni ukweli?

Tatizo limeanzia juu zaidi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mwendo usio mrefu kutoka Mwigobero, aliandika kijitabu kupinga ardhi kufanywa mali ya mtu binafsi moja kwa moja, na mwaka 1963 nchi ilifuta umiliki wa aina hiyo. Tangu hapo ardhi ni ya umma, na raia ana haki ya kuitumia pamoja na maendelezo aliyoyaweka juu yake. Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza. Kuanzia mwaka 2002 serikali ikawauzia watumishi nyumba zake, na wale waliokuja baadaye, au waliokuwa wadogo mno kwenye orodha, wakaambiwa kimyakimya wajitafutie. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na hoja zake. Lakini kwa jumla tumetoka kwenye dola iliyodai kuwa mlinzi wa nyumba ya mnyonge, tukafika kwenye soko, na sokoni hapo serikali haikumweka mtu wa kuongoza. Nafasi hiyo ikajazwa na kijana mwenye simu mbili.

Nayo fedha inayoletwa sokoni imepungua. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kilifanya mkupuo kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani. Mjadala wetu wa watumishi umeishia kwenye asilimia hizo. Sijasikia chama chochote cha wafanyakazi kikiuliza mkupuo huo, uwe 33 au 40, unalindwaje wiki ile mstaafu anapoutoa benki. Mstaafu hupewa semina ya ufugaji wa kuku. Semina ya kusoma hati ya nyumba sijaiona.

Wathamini wana sheria yao na bodi yao tangu 2016. Dalali wa mnada huhitaji leseni. Huyu wa mtaani, anayepitisha mikononi mwake akiba za maisha ya watu, anahitaji vocha ya simu. Wenzangu chuoni husema jibu ni kumsajili. Nakubali kwa shingo upande, kwa kuwa najua usajili wetu unavyoweza kugeuka ada ya kila mwaka, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na asilimia 10 kuwa 12. Ningependa tuanze na jambo moja linalogusa mfuko: ujira wa dalali usilipwe siku ya kusaini, ulipwe umiliki unapohama. Ulipwe nusu na nusu ikibidi. Na dalali aandikwe kwenye mkataba kwa jina lake, akiwajibika kwamba ameonyesha matokeo ya upekuzi kutoka kwa msajili wa hati. Hapo swali la mirathi litaulizwa na yeye mwenyewe, tena kabla ya nauli.

Najua pingamizi. Upekuzi una maana pale tu kiwanja kimepimwa na kusajiliwa, na sehemu kubwa ya miji yetu haijafika huko. Ni kweli. Lakini tangu mwaka 2020 kuna ofisi za ardhi katika kila mkoa, na mtu wa Mara hana sababu ya kwenda kanda nyingine kuuliza. Jibu la "hakuna kumbukumbu" nalo ni jibu. Linamwambia mnunuzi kwamba anachonunua ni maneno ya majirani, basi awatafute majirani wa pande zote nne na kuwauliza mwenye nyumba alikufa lini na aliacha watoto wangapi. Katika Mwigobero swali hilo lingejibiwa na mama muuza dagaa wa kona ya kwanza, bila ada. Sisi hatukumuuliza. Tulikuwa na dalali.

Jambo moja zaidi kuhusu ukarabati, kwa kuwa wengi mtanunua nyumba za zamani. Kuongeza chumba, kuhamisha ukuta au kupandisha paa kunahitaji kibali cha halmashauri, sawa na kujenga upya. Kibali hicho ni usumbufu, nimeupitia, lakini kina faida moja isiyotajwa: halmashauri huomba uthibitisho wa umiliki kabla ya kukitoa. Kwa hiyo anayeshauriwa na muuzaji au dalali "aanze tu kurekebisha, kibali kitafuata" na ashtuke. Marumaru yakishawekwa kwenye nyumba ya watu, huwezi kuyabandua ukaondoka nayo.

Zile milioni 2 hazijarudi. Muuzaji anasema zilitumika kwenye matibabu, na huenda ni kweli. Shangazi amekataa kwenda baraza la kata kwa sababu mama wa yule kijana aliwahi kufundisha naye. Dalali anasema yeye alikuwa akiunganisha tu.

Wiki iliyopita alimpigia tena, ana nyumba nyingine, Nyakato, haina unyevu, ina geti. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamwambia: "Mwanangu, nitumie kwanza picha ya barua ya mahakama. Nauli yangu iko hapa mezani." Hadi ninapoandika, picha haijafika.